Maua Manane kwa Kichala

7 Oktoba

Nimefika, matope hadi magotini. Mama Kalo amenipokea kwa maji ya ukoko wa wali na kile kicheko chake cha kuamsha kuku, na mumewe, Mzee Zaralahy, akanipa mkono unaonuka mbao kama kawaida. Nyumba yao ya wageni imeongezwa chumba, sasa viko saba. Yote kaijenga mzee kwa mikono yake: kuta za vijiti vya mti wa ravinala, paa la majani yake, sakafu ya magome yaliyopondwa, na milango saba ambayo hakuna miwili inayolingana kimo.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili. Wageni wengine hulipia chumba. Mimi hulala na kula, na kazi yangu ni kuyafungisha ndoa maua ya vanila ya mzee mpaka msimu uishe. Daftari hili huwa la hesabu ya maua tu. Leo nina jingine la kuandika: chumba changu cha mashariki kina mtu.

8 Oktoba

Mtu mwenyewe anaitwa Noeline. Miaka ishirini na mitatu, katokea kusini ya mto, meno yote yapo. Naye kaja kwa ajili ya maua.

"Shikamoo, shangazi Velontsoa," kaniambia, kapiga goti na ndoo kichwani, tone halikumwagika. "Kwetu wanakutaja. Eti vidole vyako vina macho."

"Marahaba," nikasema.

Nikamfuata Mama Kalo jikoni. "Mwenzangu, chumba changu?"

"Ngazi ile ya juu si ya magoti yetu tena. Nimekuweka chini, karibu na moto, mifupa ipate joto."

Magoti yetu! Yake labda. Ya kwangu nani kayalalamikia? Chumba chenyewe kina moshi, na juu ya kichwa changu, hapo kwenye magome, ndipo anapolala huyo binti. Kila akigeuka vumbi linanidondokea usoni.

11 Oktoba

Mvua. Hakuna ua lililofunguka.

14 Oktoba

Maua ya kwanza. Ua la vanila hufunguka alfajiri, na jua likifika utosini limekwisha, halirudi tena. Nchi hii haina mdudu anayeijua kazi yake, kwa hiyo ni sisi. Unalichana ulimi kwa mwiba wa mlimau, unainua kile kipazia kilichomtenga dume na jike, unabonyeza kwa kidole gumba, basi, ndoa imefungwa. Kile kipande cha ulimi unakitia mfukoni, na adhuhuri Mama Kalo anavihesabu barazani.

Mimi: 412. Noeline: 430.

Siku ya kwanza haina maana.

19 Oktoba

Mimi: 988. Yeye: 1,170.

Anaimba akifanya kazi. Maua hayana masikio, mama.

23 Oktoba

Mimi: 1,104. Yeye: 1,390. Mzee Zaralahy kacheka mpaka kakohoa. "Binti huyu ana mikono minne!" Miaka kumi na mmoja nimekuwa nikimletea elfu na mia mbili, elfu na mia tatu, na hajawahi kuhesabu mikono yangu.

27 Oktoba

Leo Jumapili, wamechinja jogoo.

Tulikaa mkekani: mzee, Mama Kalo, mimi, Noeline, na mpangaji wa chumba cha nne, Bwana Rivo, mpima ardhi kutoka mji mkuu, ambaye huogopa mijusi na hutafuna pilipili kana kwamba kaamriwa na daktari. Mama Kalo akagawa. Kipande cha mkia wa kuku, kile anachopewa mkubwa wa watu, miaka yote huenda kwa mzee. Leo mzee kakichukua kwa vidole viwili, kakiweka kwenye wali wangu.

"Chukua, Velontsoa. Umefika mahali pake."

Wote wakaitikia kwa furaha. Noeline akapiga makofi. Nikashukuru, nikala. Loh! Wangenipa shingo nisingelalamika. Mkia ni heshima ya wazee, ya watu wanaosaidiwa kusimama. Nina miaka hamsini na mmoja. Huyo binti kapewa paja, lenye nyama ya mtu wa kazi, na akalila kwa meno yake yote.

Niliandike neno lenyewe nisijidanganye. Wivu. Nina wivu mpaka kucha.

31 Oktoba

Mimi: 1,020. Sitaki kuandika ya kwake.

2 Novemba

Mvua ya kutwa. Bwana Rivo kanyeshewa kitandani, paa la chumba chake limefunguka. Noeline kapanda juu kulishonea majani mapya, mzee akimwelekeza kutoka chini. Mzee hakuwahi kumruhusu mtu aliguse paa lake. Mimi niliwahi kuomba, mwaka wa tatu, akaniambia nitaanguka.

6 Novemba

Leo mwiba uliniponyoka mara mbili. Macho yamekuwa na ukungu asubuhi, na kidole gumba cha kulia kinatetemeka hadi kipate joto. Hayo hayajui mtu yeyote. Mwanamke wa maua asiye na vidole ni nani? Huko kwetu nina chumba kwa kaka yangu na wake zake wawili, wananiita "mgeni wa Januari", maana huwarudia msimu ukiisha. Hapa ndipo penye jina langu. Mtu wa kijiji hiki akitaka kumsifu mwanawe husema, kawa Velontsoa. Wasiponiita mwakani, sina pa kuwa mtu.

9 Novemba

Nimefanya jambo.

Sheria ya maua ni manane kwa kichala. Kichala kina maua kumi na tano, hata ishirini, lakini unafungisha manane, ya upande wa chini, mengine unayaacha yaanguke bila mume. Ukizidisha, mvanila utabeba maganda mengi kuliko nguvu zake, utayalea membamba, na mwakani utakauka. Hili anajua hata anayelala.

Leo kwenye mistari yangu ya mlimani nimefungisha kumi kwa kila kichala. Maua mawili zaidi, yaliyo karibu kabisa na mkono, hayahitaji hata kutembea. Mvanila mmoja wenye nguvu utavumilia mawili.

Mimi: 1,344. Yeye: 1,402.

"Hee, shangazi kaamka!" Mama Kalo kasema.

12 Novemba

Kumi na mawili kwa kichala. Mimi: 1,461. Yeye: 1,455.

Nilijikuta naimba jikoni.

13 Novemba

Mzee hakagui mistari yangu. Nilimsikia akimwambia Bwana Rivo: "Ya Velontsoa haina haja. Nikikagua yake nitaonekana mwehu."

Ilinichoma kidogo, nikalala.

16 Novemba

Mvua, jua, mvua. Maua yamechachamaa. Kumi na matano kwa kichala. Mimi: 1,580.

20 Novemba

Mimi: 1,612! Mzee kasimama, kanipigia makofi peke yake, kasema katika shamba hili haijapata kutokea. Kawaita majirani waje wauone mfuko wangu. Noeline alikuwa na 1,390. Kanitazama, hakucheka wala hakununa. Kanishika mkono wa kulia, akaugeuza, akakiangalia kile kidole gumba.

"Unaumwa, shangazi?"

"Unaumwa wewe," nikamjibu, nikauvuta mkono wangu. Watu wakacheka. Hakika nimeshinda, na bado ninamwonea wivu. Sasa nauonea wivu utulivu wake.

24 Novemba

Binti anashuka ngazi kabla ya alfajiri, kabla ya jogoo wa kwanza. Namsikia, kila kidato kinalia kwa sauti yake na mimi navijua vyote. Siku ya tatu leo. Anakwenda wapi? Chumba cha Bwana Rivo kiko upande huohuo. Haya, ndiyo siri ya utulivu.

26 Novemba

Tena.

Nikamchokoza tukiosha vyombo. "Mpima ardhi anapima vizuri?"

Kaduwaa, kisha kacheka mpaka sufuria ikamponyoka. "Yule? Shangazi, yule akiona mjusi ananiita mimi nimfukuzie!"

Sikuamini.

30 Novemba

Maua yanaisha. Mimi: 204. Yeye: 198. Hakuna anayehesabu tena.

3 Desemba

Ningeandika kwa damu kama ingekolea.

Nimepanda mlimani kuyaona maganda yangu. Niliyaacha yananing'inia kama vidole vya mikono mingi, marefu yamefikia kidole cha kati. Leo nimekuta mistari minne imekatwa. Kila kichala kimenyofolewa maganda! Maganda mabichi, yaliyoungwa kwa mikono yangu mimi, yamekatwa kwa ukucha.

Katika nchi hii kuna wizi na kuna kukata vanila mbichi. Mwizi wa kuku anapigwa na kusamehewa. Anayekata vanila mbichi anafukuzwa kijijini na jina lake halitajwi kwenye sherehe. Watu huchoma alama zao kwa pini kwenye kila ganda kwa sababu hiyo.

Nikakumbuka ngazi inayolia kabla ya alfajiri.

Nikashuka mbio, magoti yangu yakasahau kwamba ni mabovu, nikafika uani napiga kelele. Majirani wakajaa. Nikasema jina lake. Nikasema nimemsikia siku tatu, siku nne, akitoka kabla ya kupambazuka. Bwana Rivo akasema naye alimwona akipanda mlimani. Noeline alikuwa na beseni la mchele mikononi.

Mzee akamuuliza: "Umekata?"

"Nimekata, babu."

Ninaandika ukweli: moyo wangu uliruka kwa furaha. Furaha tele, hadi nikaona aibu nayo, lakini si kabla ya kuionja.

Kikao keshokutwa, Alhamisi, siku ambayo ni mwiko kugusa mashamba ya mpunga na kila mtu ana nafasi.

4 Desemba

Nimerudi mlimani nikahesabu hasara ili nikaitaje kikaoni.

Kichala cha kwanza: yamebaki manane. Cha pili: manane. Cha tatu, nikakaa chini. Manane. Ya upande wa chini, yaliyonyooka. Yaliyokatwa ni yale ya juu, yale niliyoyaongeza mimi. Vidonda vyake vimepakwa jivu ili visioze.

Na mwizi hupeleka wapi mali? Nikafukua majani makavu chini ya shina. Yote yalikuwa hapo, yamefunikwa vizuri, hakuna hata moja lililobebwa. Mistari minne kazi imekwisha. Miwili ya mwisho alikuwa hajaifikia, na majani yake yameanza kuwa manjano.

Alikuwa akiniponya. Alfajiri, kabla ya kazi yake mwenyewe, mtoto huyu alikuwa akiuponya uwongo wangu ili mzee asiuone.

Nikayafukia tena kwa majani, nikashuka. Mama Kalo akauliza, "Umeona nini?" Nikasema, "Hasara."

Si ningesema? Ndiyo. Lakini nilifikiri: kesho ataondoka. Mwakani chumba cha mashariki kitakuwa wazi. Mimi nimefikiri hivyo, Velontsoa, na nimeliandika.

5 Desemba

Mvua ilinyesha, kikao kikawa barazani. Mzee Bemora, mwenye fimbo nyekundu ya ukoo, alikaa pembe ya kaskazini-mashariki na kikombe chake. "Semeni upesi, kahawa inapoa."

Noeline akasema kwa upole, akiwa amepiga magoti. Alikata, hakuiba. Mivanila ilikuwa imebebeshwa mno, vichala vya maganda kumi na mawili, kumi na matano. Alipunguza ibaki na manane.

"Ya nani mistari hiyo?" Bemora akauliza.

"Ya shangazi Velontsoa."

Baraza zima likaangua kicheko. Si kicheko kibaya kwangu, ndilo linaloniua. Walicheka kwa kuniamini.

"Velontsoa aweke kumi na matano!" mtu akasema nyuma. "Sema na jua limechomoza magharibi."

"Binti, tafuta uwongo mwingine," mwanamke mmoja akamwambia. "Huyu aliwafundisha mama zetu kuhesabu hadi nane."

Noeline akainamisha kichwa. Aliitazama mikono yake, kisha yangu. Angeweza kusema habari ya kidole changu. Hakusema.

Bemora akanigeukia. "Velontsoa, uliwahi kuzidisha manane?"

"Sijawahi," nikasema.

Ilitoka laini kabisa.

"Basi maji yaletwe."

Yakaletwa bakulini, maji ya mto, ndani yake pete ya dhahabu na udongo wa makaburini. Anayekunywa na uwongo mdomoni haioni mvua ya mwaka unaofuata. Noeline akalipokea kwa mikono miwili, akanywa funda tatu, akajipangusa kwa mgongo wa mkono kama mtu aliyetoka shambani na kiu.

Nikadhani yamekwisha. Nilisahau desturi yangu mwenyewe: mshtaki naye hunywa.

Bakuli likawekwa mikononi mwangu. Kidole gumba kikaanza. Maji yakagonga ukingo, yakagonga tena, udongo ukazunguka. Watu wote wakaona. Mama Kalo akainuka nusu, "Msaidieni, ni baridi, mkono wake una baridi," na akaja kulishika bakuli pamoja nami ili ninywe. Alitaka kunisaidia ninywe!

"Mwache," nikasema. "Siwezi kunywa."

"Kwa nini?" Bemora akauliza.

"Nilizidisha. Kumi, kumi na mawili, kumi na matano. Nilitaka nimpite. Vidole vyangu vimekwisha na nilitaka nimpite. Maganda aliyokata yako chini ya majani, yote. Niliyaona jana na nikanyamaza."

Hakuna aliyecheka. Mzee Zaralahy alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango alioutengeneza mwenyewe, anausugua ubao kwa kiganja.

"Kumi na mbili," akasema. Nikajua anahesabu miaka. Akachukua kofia akapanda mlimani kwenye mvua, na magoti yake ya kizee, kukagua mistari yangu kwa mara ya kwanza.

Bemora akanywa kahawa yake iliyokwisha poa, akasema binti hana kosa, na kosa langu ni la mwenye shamba kuliamua.

6 Desemba

Mistari miwili ya mwisho. Nilikwenda kupunguza peke yangu, nikamkuta Noeline keshafika.

Tulikata mpaka kichala cha kumi hivi. Nikamuuliza mbona hakuniambia tangu mwanzo.

"Nilidhani hutajua kabisa, shangazi. Ukijua, nilidhani labda utanishukuru."

"Sikukushukuru."

"Niliona," akasema, na akacheka, shetani mdogo.

8 Desemba

Tumemaliza. Mivanila sita huenda ikafa. Mingine itapona. Mzee amenisalimia asubuhi, jioni hakunisalimia.

10 Desemba

Mama Kalo alinikuta jikoni nikiosha mchele ambao hakuna aliyeniambia niuoshe. Akanipokonya beseni taratibu.

"Mwenzangu, tumezungumza, mimi na mzee. Mwakani uje."

Moyo ukapanda.

"Uje, lakini uje kama mgeni. Chumba chochote upendacho, hulipi kitu. Maua atayashika Noeline."

Watu wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nimelima humu miaka kumi na miwili, ndipo nimenyang'anywa jembe nikapewa mkeka. Nilitamani anitukane. Nikamwambia asante, kwa sababu hakuna neno jingine, na kwa sababu alikuwa analia.

12 Desemba

Naondoka leo. Mfuko wangu kaushika Noeline, kakataa kuniachia.

Mama Kalo kasimama mlangoni na daftari kubwa la wageni, lile la serikali, ambalo kila mpangaji huandikwa. Sisi wa kazi hatukuwahi kuandikwa humo. Akaona haya kunipa, lakini alisema mwakani mkaguzi akija na mimi ni mgeni, lazima jina liwepo, na heri nijiandikishe nikiwepo. Nikalichukua, nikakaa kwenye ngazi.

Jina, nikaandika. Utokako, nikaandika. Uendako, nikaandika palepale nilipotoka. Kisha ikaja sehemu ya kazi, na kalamu ikasimama. Nikakaa nayo. Kuku wakapita. Nikafikiri niandike mkulima, nikafikiri niandike hakuna.

Noeline alikuwa nyuma yangu, mfuko begani, anasoma.

"Andika fundi wa maua, shangazi."

Nikamwonea wivu hata hilo, kwamba ni yeye aliyelitamka kwanza. Nikaliandika.